Nani Anahesabu Tukio? Haki ya Ardhi Inavyopatikana, Inavyohama na Inavyopotea

Wanakijiji wa Mulbadaw, wilayani Hanang, waliishi na kuchunga mifugo katika ardhi ambayo Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilikuja kuilima ngano. Walipofungua kesi pamoja na halmashauri ya kijiji chao, Mahakama Kuu iliwapa ushindi. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua. Halmashauri, ilisema mahakama, haikuonyesha kwamba iligawiwa ardhi ile na mamlaka iliyopaswa kuigawa. Wanakijiji nao hawakuthibitisha kuwa walikuwa wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, yaani Waafrika wanaoweza kumiliki kwa mila. Watu ambao babu zao wamezikwa Hanang walitakiwa walete ushahidi kwamba ni Waafrika, na kwa kuwa hakuna aliyefikiria kuuleta, kesi ikaanguka.

Hukumu hiyo inafundisha kuliko kurasa nyingi za vitabu. Kuwapo kwa watu wale kulionekana kwa macho, na mifugo yao ilionekana. Kilichokosekana ni jambo ambalo sheria ilikuwa tayari kulihesabu kuwa chanzo cha haki. Mwanasheria wa New Zealand, John Salmond, katika kitabu chake cha falsafa ya sheria cha mwaka 1902, aliligusa jambo hili kwa utaratibu. Kila haki, alieleza, ina tukio lililomvika mwenye nayo, na ikipotea kuna tukio lililomvua. Baadhi ya matukio hayo ni matendo ya hiari, kama kuuza au kutoa zawadi. Mengine sheria yenyewe huyafanya yawe na nguvu bila mtu kutaka, kama kifo, kufilisika, au kupita kwa muda. Na mara nyingi tukio ni moja lenye nyuso mbili: siku haki inapomvika mnunuzi ndiyo siku inapomvua muuzaji.

Mgawanyo huo ni mzuri, lakini unaacha swali kubwa kando. Ni nani anayeamua matukio gani yahesabiwe? Historia ya ardhi Tanzania, pamoja na majirani zake wa pwani, inaonyesha kwamba orodha ya matukio hayo imeandikwa na kufutwa mara kadhaa, na kila ilipoandikwa upya kuna waliolala wakiwa wenye mali na kuamka wakiwa wavamizi, na kuna waliopata bila kununua. Anayetaka kujua haki yake ikoje lazima ajue kwanza orodha inayotumika leo, na namna ilivyofika hapo.

Haki inavyoanza

Katika jamii nyingi za Tanganyika, haki ya ardhi ilianza kwa kazi au kwa mgao. Aliyefyeka pori la bure alikuwa na neno juu yake kuliko aliyekuja baadaye. Kwingine mzee wa ukoo au mtemi ndiye aliyemwonyesha mgeni pa kukaa, na pombe au mnyama wa kuchinja vikawa ushahidi. Uchagani, kihamba, yaani shamba la ukoo, kilizungushiwa masale, na mpaka wa masale haukung'olewa ovyo, kwa kuwa mmea huo ndio uliotumika pia kuombea msamaha. Hapa chanzo cha haki kilikuwa jambo ambalo majirani walilishuhudia, na ushahidi wake ulikaa vichwani mwao.

Wakoloni hawakuifuta mila yote; waliishusha daraja. Tamko la Kaisari wa Ujerumani la mwaka 1895 lilifanya ardhi isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe iwe mali ya taji. Waingereza, kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923, wakaiita ardhi yote ya umma na kuiweka chini ya Gavana, ambaye angeweza kumpa mtu haki ya kuikalia. Mila haikutajwa ipasavyo hadi marekebisho ya mwaka 1928, yaliyoongeza kwamba haki ya kukalia ardhi inajumuisha pia ile ya wenyeji wanaotumia ardhi kwa mujibu wa mila zao. Wanasheria wakaiita haki ya kudhaniwa: hakuna aliyempa mtu hati, ila sheria inachukulia kana kwamba alipewa. Ni tofauti inayoonekana ndogo, lakini ilitesa watu kwa miaka mingi, kwani kinachodhaniwa kipo kinaweza pia kudhaniwa kimekwisha.

Mwaka 1953 mahakama ilitoa jibu kali zaidi katika shauri la Mtoro bin Mwamba, mwenyeji wa pwani aliyedai umiliki kamili wa ardhi aliyorithi. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema mila ya watu wake haikutambua umiliki wa namna hiyo. Alichokuwa nacho ni haki ya kutumia. Mila iliyokuwa imemtosha Mtoro na wazazi wake ilitafsiriwa na watu wasiokuwa wake, kwa maswali ya sheria ya Kiingereza, na jibu likatoka pungufu.

Chama cha TANU hakikuchukua njia ya kuwapa wananchi umiliki kamili wa Kizungu. Serikali ya kikoloni ilipotaka kuuanzisha, Julius Nyerere aliandika mwaka 1958 kijitabu kiitwacho Mali ya Taifa, akionya kwamba ardhi ikigeuka bidhaa, wenye fedha wataichukua na maskini watabaki wapangaji. Baada ya uhuru, mwaka 1963, umiliki wa kudumu uliokuwapo, mwingi wake ukiwa wa walowezi na makampuni, uligeuzwa kuwa upangaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo ukawa haki ya kukalia ardhi. Kwa mkupuo mmoja wa kalamu, haki isiyo na mwisho ikapata mwisho.

Kalamu hiyohiyo iliweza pia kuvika. Bukoba kulikuwa na nyarubanja, mfumo wa mabwana ardhi na watwana wao, ambapo mkulima alilima migomba kizazi baada ya kizazi huku akitoa ushuru na utumishi. Sheria ya mwaka 1965 iliuvunja mfumo huo na kuwafanya wakulima wenyewe kuwa wamiliki. Unguja na Pemba, baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali iliitwaa ardhi na kugawa eka tatu tatu kwa wakulima. Ukiwauliza waliopewa, watakuambia ni haki iliyorudishwa. Ukiwauliza waliokuwa nazo, watakuambia ni haki iliyoporwa. Kwa falsafa ya sheria ni tukio moja, na wote wanasema kweli kuhusu upande wao.

Orodha inayotumika leo Tanzania Bara ilitokana na Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji kuanzia 1991, na Sera ya Taifa ya Ardhi ya 1995, ingawa serikali haikuyakubali mapendekezo yote ya tume. Matunda yake ni Sheria ya Ardhi Na. 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 2001. Ardhi yote inabaki ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Imegawanywa katika ardhi ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Mjini, mtu anapata haki kwa kumilikishwa: barua ya ofa, kisha hati, kwa muda usiozidi miaka 99, ingawa 33 na 66 ni ya kawaida. Kijijini, anapata haki miliki ya kimila, ambayo kwa mwanakijiji inaweza kutokuwa na ukomo wa miaka, na sheria inasema hadhi yake ni sawa kwa kila hali na ile ya kumilikishwa. Asiye raia hapati ila kwa ajili ya uwekezaji.

Haki inavyohama

Kanuni ya kwanza ya kuhamisha haki ni ya Warumi na haijazeeka: hakuna awezaye kutoa asichonacho. Mahakama za Tanzania zimeirudia mara nyingi, ikiwamo katika kesi ya Farah Mohamed dhidi ya Fatuma Abdallah ya mwaka 1992. Asiye na haki halali juu ya ardhi hawezi kumpa mwingine haki halali, hata kama mnunuzi alilipa fedha yote, hata kama hakujua. Anayenunua anarithi nguvu za muuzaji na udhaifu wake pia.

Tazama mauziano ya kawaida ya kiwanja ambacho hakijapimwa, pembezoni mwa Dar es Salaam au Mwanza. Dalali ameshampata mteja. Watu wanakutana ofisi ya serikali ya mtaa. Hati ya mauziano imeandikwa kwa kalamu au imechapwa, imetaja bei, ukubwa kwa hatua za miguu, na majirani wa pande nne: kaskazini barabara, kusini fulani. Muuzaji anasaini, mnunuzi anasaini, mashahidi wanasaini, asiyejua kuandika anaweka dole gumba, mjumbe na mwenyekiti wanagonga muhuri. Watu wanaondoka wakiamini haki imehama pale muhuri ulipogongwa.

Sheria inauliza maswali mengine. Je, makubaliano yako katika maandishi? Sheria ya Ardhi inadai hivyo, na hapa hati ya mtaa inaweza kutosha. Je, aliyeuza alikuwa na haki gani? Mwenyekiti hawezi kuiumba kwa muhuri wake. Kama ardhi ina hati, mauziano yafike kwa Kamishna wa Ardhi na kusajiliwa kwa Msajili wa Hati, kwani katika ardhi iliyosajiliwa usajili ndio unaokamilisha uhamisho. Kama ni ardhi ya kijiji, halmashauri ya kijiji ikubali, la sivyo uhamisho ni batili. Migogoro mingi inazaliwa katika nafasi iliyopo kati ya tukio ambalo majirani wameliona na tukio ambalo sheria inalihesabu. Mtu amelipa, amejenga, amehamia, na miaka kumi baadaye anaambiwa kwamba kwenye daftari la serikali hayupo.

Kisha kuna anayekosekana mezani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi, na Sheria ya Ardhi inamtaka mkopeshaji ahakikishe kama ridhaa hiyo ipo. Ndoa, kwa hiyo, ni tukio linalovika haki kimyakimya: mke ambaye jina lake halipo kwenye hati bado anaweza kuuzuia uuzaji. Mahakama ya Rufani ilikwenda mbali zaidi mwaka 1983 katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali alikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika upatikanaji wa mali ya ndoa. Kupika, kufua na kulea vikaingia katika orodha ya matukio. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokwishapewa na mumewe zilitosha, lakini wanawake waliomfuata wameitumia kanuni iliyobeba jina lake hadi leo.

Kifo ndicho kihamishi kikubwa kuliko vyote, na ndicho kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Familia nyingi huamini kwamba baba akifariki, nyumba inakuwa ya watoto siku hiyohiyo, na mkubwa anaweza kuuza. Kisheria, mwenye mamlaka ya kuishika na kuigawa mali ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, anayetakiwa kuorodhesha mali na madeni na kisha kutoa hesabu ya mgawanyo. Mrithi anayeuza kabla ya hapo anauza matumaini. Na si kila haki inarithiwa. Deni linabaki deni, na shamba linabaki shamba, lakini dai la kuchafuliwa jina linazikwa na mwenyewe.

Nani arithi nini inategemea mlango anaoingilia: sheria ya Kiislamu, tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, au sheria ya mirathi ya India ya mwaka 1865, ambayo ilisafiri na Waingereza na haijaondoka. Tangazo la 1963 lilimruhusu mwanamke kurithi, lakini ardhi ya ukoo aliweza kuitumia tu, bila kuiuza. Mwanamke wa Kihaya, Holaria Pastory, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza uzeeni kwa mtu wa nje ya ukoo kwa shilingi 300,000, kwa kuwa hakuwa na wa kumtunza. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akaenda mahakamani. Mahakama ya mwanzo ilibatilisha mauziano, ya wilaya ikayarudisha, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, akamaliza ubishi: kwa mujibu wa tamko la haki za binadamu katika Katiba, mwanamke anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume.

Hukumu hiyo ni fahari ya sheria Tanzania, lakini haikuusafisha uwanja wote. Wajane wawili walipopinga kanuni za mila zinazowanyima fungu katika mirathi ya waume zao, Mahakama Kuu mwaka 2006 ilikiri kwamba kanuni hizo ni za kibaguzi, kisha ikakataa kuzifuta. Rufaa yao ilitupwa kwa kasoro ya kiufundi. Wakaenda Umoja wa Mataifa, na mwaka 2015 kamati ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ikaona kwamba haki zao zimevunjwa. Wakati huohuo Sheria ya Ardhi ya Vijiji inatamka kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu kumiliki ardhi ni batili. Mjane anaweza kuwa na haki katika sheria moja na kukosa katika nyingine, na jibu litategemea aliyemshauri alianzia wapi.

Kuna mahali ambapo hata kanuni ya asiyenacho hatoi inalegezwa. Mkopaji akishindwa kulipa, mkopeshaji anatoa notisi ya siku 60, kisha anaweza kuuza nyumba iliyowekwa rehani. Aliyenunua mnadani kwa nia njema analindwa, hata ikigundulika baadaye kwamba benki ilikosea taratibu. Mwenye nyumba anabaki kudai fidia kwa benki. Sheria hapa imechagua utulivu wa soko kuliko mwenye mali wa awali. Unaweza kuutetea uchaguzi huo, kwani bila huo hakuna ambaye angenunua mnadani na hakuna benki ambayo ingekopesha. Lakini ni uchaguzi, na una mtu anayeulipia.

Haki inavyopotea

Njia ya kwanza ya kupoteza ni kunyamaza. Sheria ya Ukomo wa Muda ya mwaka 1971 inampa mtu miaka 12 kudai ardhi yake mahakamani. Ikipita, mlango umefungwa, hata kama ushahidi wake ni mzuri kama mchana. Sababu zake zinaeleweka: mashahidi wanakufa, hati zinaliwa na mchwa, na aliyejenga maisha yake mahali kwa uwazi anastahili siku moja apumue. Lakini muda peke yake hautoshi kumfanya mvamizi awe mmiliki. Mwaka 2018, katika rufaa iliyowahusu wadhamini wa masista wa Holy Spirit, Mahakama ya Rufani iliorodhesha masharti magumu: mwenyewe awe ameiacha ardhi, mkaaji awe ameishika kwa uwazi, bila ruhusa, kwa nia ya kuimiliki, bila kukatizwa, kwa muda wote wa sheria. Aliyekaribishwa kulima hawezi kumgeuka aliyemkaribisha, hata akae nusu karne. Ndiyo maana mabishano mahakamani mara nyingi huishia kwenye swali moja la zamani: siku ya kwanza, uliingiaje?

Kenya imekwenda hatua zaidi. Huko, aliyeishika ardhi ya mwingine kwa miaka 12 kwa masharti kama hayo anaweza kuiomba mahakama iamuru asajiliwe kuwa mwenyewe. Kimya cha mmoja kinageuka kuwa hati ya mwingine.

Njia ya pili ni kutelekeza. Haki ya kumilikishwa inaweza kufutwa na Rais ikiwa ardhi imeachwa kwa muda usiopungua miaka miwili, au ikitumiwa kinyume cha masharti, au mwenyewe akijaribu kuihamishia kwa asiye raia kinyume cha sheria. Kijijini muda ni miaka mitano, na kuipumzisha ardhi kunahesabiwa kuwa matumizi. Kifungu hicho cha kupumzisha kinaonyesha kuwa walioandika walimfahamu mkulima. Mfugaji bado ana shaka. Nyanda anazozifuata kwa msimu huonekana tupu machoni pa anayepita mwezi usio wake, na utupu huo ndio uliozigeuza nyanda za Wabarabaig, wafugaji wa Hanang, kuwa mashamba ya ngano.

Njia ya tatu ni kutwaliwa kwa manufaa ya umma, chini ya sheria ya mwaka 1967. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza kumnyang'anya mtu mali bila fidia ya haki, na Sheria ya Ardhi inataja vitu vya kuhesabiwa: thamani ya soko, usumbufu, usafiri, faida iliyopotea, na riba fidia ikichelewa. Anayetwaliwa hana uwezo wa kukataa. Alichonacho ni dai jipya lililochukua nafasi ya lile la zamani: jana alikuwa na shamba, leo ana deni analolidai serikali. Kwa hiyo uzito wote wa haki yake umehamia katika hesabu ya mthamini na tarehe ya malipo.

Njia ya nne ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa haimhusishi mwenye haki hata kidogo: sheria mpya kufuta haki za zamani. Wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, mashamba yalichukuliwa na kugawiwa wengine bila utaratibu wa kisheria. Baadaye, baadhi ya walionyang'anywa walianza kushinda kesi. Bunge likapitisha sheria ya mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika vijiji hivyo na kuzizuia mahakama kusikiliza madai. Mzee Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, waliokwishakurudishiwa shamba lao na mahakama ya Arusha, walikuwa wavuliwe haki hiyo na kifungu cha sheria. Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Nyalali, ilikataa. Haki ya kimila juu ya ardhi, ilisema, ni mali inayolindwa na Ibara ya 24. Vinginevyo Watanzania walio wengi wangekuwa kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Na fidia haihusu majengo na mazao tu: aliyeitolea jasho ardhi ana kitu cha kufidiwa hata kama hakuna jengo juu yake. Ile haki ya kudhaniwa ya mwaka 1928 ilipata ngao miaka 66 baadaye.

Pwani ya Kenya inaonyesha kinachotokea ngao hiyo isipokuwapo. Sheria ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai ya ardhi katika ukanda wa maili kumi wafike mbele ya msajili na kuyathibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya taji. Waliojua kusoma tangazo, walio na hati na mawakili, walifika. Wamijikenda wengi, waliomiliki kwa ukoo na kwa kaya, hawakufika au hawakusikilizwa. Hawakuuza, hawakutelekeza, hawakufukuzwa siku hiyo; walikosa tarehe, na vizazi vyao vikaitwa maskwota katika ardhi ya mababu.

Hati na mzizi wake

Kwa miaka mingi dawa iliyopendekezwa kwa matatizo haya ni moja: pima, sajili, toa hati. Ina mantiki. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema kwamba wawili wakigombea ardhi, mwenye hati atahesabiwa kuwa mmiliki halali mpaka ithibitishwe kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali. Hati inamtwisha mpinzani mzigo wa kuthibitisha, na kwa mtu wa kawaida hilo ni jambo kubwa.

Maneno ya mwisho ya kanuni hiyo ndiyo ya kuangaliwa. Kenya, kwa sheria ya usajili ya mwaka 1963, ilijaribu kuyaondoa: usajili wa kwanza haukuweza kubatilishwa hata kwa hila. Aliyewahi ofisini aliwashinda wajane, wadogo zake na ukoo mzima, kwa kuwa daftari halikuuliza aliipataje ardhi. Sheria ya mwaka 2012 imelirudisha swali hilo. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa juu ya kiwanja cha ufukweni Nyali, ilisema hati haiwezi kuwa na nguvu kuliko mchakato ulioizaa. Mgao wa awali wa mwaka 1989 haukufuata sheria, kwa hiyo mnunuzi wa baadaye, ingawa alilipa na kusajiliwa, hakulindwa. Kanuni ya Warumi imerudi kwa mlango wa mbele, na kila mnunuzi sasa anapaswa kuchimba hadi kwenye mzizi.

Upimaji na usajili, basi, haviondoi swali la nani anahesabu tukio. Vinalisogeza hadi siku ile moja ambapo mpimaji anapita na kamba na mtu anaandika majina. Siku hiyo mke akiwa sokoni, mfugaji akiwa malishoni, mtoto aliye mjini akiwa hajaarifiwa, haki zao zinaweza kupotea bila neno. Hati ya kimila inayoandikwa kwa jina la mwanamume peke yake ni usajili wa kwanza wa aina yake, na kuung'oa baadaye kutahitaji nauli, wakili na miaka. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata linapatanisha tu, haliamui. Anayetaka uamuzi lazima afike baraza la ardhi na nyumba la wilaya, ambalo kwa mtu wa kijijini linaweza kuwa mbali na ghali.

Hapo ndipo pa kupimia kila pendekezo jipya la sheria ya ardhi, liwe la mkopo, uwekezaji au hifadhi. Kulisifia kwa kuwa litatoa hati ngapi hakutoshi. Liulizwe: linaongeza tukio gani kwenye orodha, linafuta lipi, na yule atakayevuliwa haki atajuaje kabla ya siku kufika? Taarifa iliyobandikwa ubaoni kwa lugha ya kiofisi haimfikii mwenye ng'ombe aliye umbali wa siku tatu. Ridhaa iliyosainiwa na mke ambaye hakusomewa haitofautiani sana na kutosainiwa. Muda wa kudai unaohesabiwa tangu tangazo lilipotolewa, badala ya tangu mtu alipoweza kulijua, ni mtego wa 1908 uliovaa tarehe mpya. Falsafa ya sheria haimwambii mtu nani anastahili shamba. Inamwonyesha kwamba haki hupotea kwa tukio, na kwamba tukio lolote ambalo mwenye haki hakuweza kuliona wala kulipinga halistahili kuwa na nguvu ya kumvua.